Kutoka Kushika Masharti hadi Kukomaa: Mwongozo kwa Mkristo wa Unguja na Pemba

Katika visiwa ambavyo wakaazi wake wengi ni Waislamu, Mkristo hujulikana upesi kwa mambo ya nje. Hafungi mwezi wa Ramadhani, Jumapili huonekana akielekea kanisani, jina lake ni la ubatizo, na mtaa mzima unajua nini kinapikwa kwake na nini hakipikwi. Makanisa ya hapa, ambayo waumini wake wengi wametoka Tanzania Bara kwa ajili ya kazi za hoteli, ulinzi, ualimu na biashara, yamezoea kuwafundisha watu wao kwanza yale yanayowatambulisha: kuhudhuria ibada, kutoa zaka, kufunga ndoa kwa utaratibu wa kanisa na, kwa baadhi ya madhehebu, kutoonja pombe kabisa. Mafundisho hayo yana kazi yake na mwongozo huu hauyapingi. Unamlenga muumini ambaye ameyashika kwa miaka mingi na ambaye, akijikagua kwa uaminifu, anakuta kwamba hasira yake ni ile ile ya zamani, kwamba anamdharau mwenzake aliyeanguka, na kwamba sala yake imejaa woga wa kukosea kuliko hamu ya kumjua Mungu.

Mtu wa namna hiyo si mgeni katika Maandiko. Yule tajiri wa Marko 10 alimwambia Yesu kwamba amri zote amezishika tangu utoto wake, naye hakukanushwa. Injili inasema Yesu alimkazia macho akampenda, kisha akamwonyesha jambo moja alilopungukiwa. Waraka kwa Waebrania 5:14 unaeleza upungufu huo kwa upande wake wa pili: watu wazima ni wale "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Neno la kuzingatia hapo ni kuzoezwa. Amri humwambia mtu asiibe na asizini, lakini sehemu kubwa ya maisha ya kila siku hupita mahali ambapo hakuna aya inayotaja jambo lililo mbele yake, na hapo ndipo ukomavu unapoonekana au unapokosekana. Kwa hiyo anayetaka kukua hahitaji kuongezewa masharti. Anahitaji kuizoeza akili yake kuamua kwa upendo pale ambapo hakuna anayemlazimisha.

Anza na Waraka kwa Filemoni

Wengi huanzia Wagalatia, na si kosa, kwa kuwa ndimo Paulo anamosema kwamba torati ilikuwa kiongozi wa kutuleta kwa Kristo. Mimi ningemshauri mtu aanzie Filemoni, waraka wenye sura moja na aya 25, unaosomeka wote kabla chai haijapoa. Paulo yumo kifungoni. Mtumwa Onesimo ameachana na bwana wake Filemoni, amekutana na Paulo na ameamini, na sasa anarudishwa akiwa na barua mkononi. Paulo ni mtume, na anasema waziwazi katika aya ya 8 na ya 9 kwamba anao ujasiri wa kumwagiza Filemoni lile limpasalo, lakini kwa ajili ya upendo anamsihi. Katika aya ya 14 anatoa sababu: "ili kwamba wema wako usiwe kama kwa lazima, bali kwa hiari." Kisha, katika aya ya 16, anaonyesha umbali ambao hiari hiyo inatakiwa kufika, yaani Onesimo apokewe si kama mtumwa tena, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa.

Anayeusoma waraka huu hapa Unguja ana msaada ambao msomaji wa kwingine hana. Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, Mkunazini, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Lakini hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, na kwa miaka 24 iliyokuwa katikati mtu aliweza kuutii mkataba kikamilifu, asinunue wala asiuze sokoni, na bado akarudi nyumbani kwake kuagiza watu ambao hawakuwa na hiari ya kukataa. Sheria ilikuwa imefika mlangoni tu. Paulo alitaka Filemoni auvuke mlango huo mwenyewe, bila ya kusukumwa.

Usome waraka huo kila siku kwa wiki nzima, na kila siku jiweke katika nafasi ya mtu tofauti. Siku moja uwe Filemoni, mwenye haki zake na hasara zake. Siku nyingine uwe Onesimo, anayerudi bila ya kujua atapokewaje, na siku nyingine uwe mmoja wa wale waliokuwa wakikutana katika nyumba ya Filemoni kwa ibada, ambao aya ya 2 inawataja na ambao bila shaka walikuwa wakitazama atafanya nini. Ukifika siku ya kusoma kama Paulo, kaa sana na aya ya 18: kama amekudhulumu au unamwia kitu, ukiandike juu yangu. Baada ya hapo jiulize ni nani katika maisha yako ambaye umemtendea kwa kiwango cha lazima tu: msaidizi wa nyumbani anayelipwa mshahara wake mwisho wa mwezi lakini haulizwi kamwe hali ya mama yake, au ndugu wa Bara aliyekuja kutafuta kazi na ambaye amepewa pa kulala bila ya kupewa neno zuri. Andika jina moja. Majina mengi hugeuka kuwa orodha nyingine ya masharti.

Pambanua masharti unayoyashika

Kazi ya pili ni ya kukaa na daftari. Chora safu tatu. Katika ya kwanza andika yale ambayo Maandiko yanamwamuru kila Mkristo, kama vile kutosema uongo, kusamehe na kuwatunza wazazi. Katika ya pili andika taratibu ambazo kanisa lako limejiwekea kwa ajili ya mpangilio wake: mafundisho ya kipaimara, michango, mavazi ya kwaya, saa za ibada. Katika ya tatu weka desturi ulizorithi nyumbani au mkoani kwenu na ambazo umezizoea hata ukazidhania kuwa ni Injili. Wengi hushangaa jinsi safu ya tatu inavyojaa.

Mipaka ya safu hizi haiko sawa kwa kila dhehebu, na kuikubali hali hiyo ni sehemu ya kukua. Waanglikana na Wakatoliki hutumia divai katika ibada na hawaifanyi pombe yote kuwa haramu, ingawa wanaukataza ulevi; makanisa mengi ya Kipentekoste yanataka mtu asiiguse kabisa; Waadventista Wasabato hupumzika Jumamosi na hawali nguruwe. Paulo aliikuta hali ya aina hiyo kule Roma, na katika Warumi 14:5 hakutangaza mshindi, bali alisema kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe. Anayeweza kumheshimu Mkristo mwenzake aliyeamua tofauti naye katika mambo ya safu ya pili na ya tatu, bila ya kulegeza ya kwanza, amepiga hatua ambayo kufunga peke yake kusingemfikisha.

Mbele ya kila jambo andika kwa nini unalishika. Ukikuta jibu pekee ni kwamba utasemwa, tia alama. Alama hiyo haina maana kwamba uliache jambo hilo, na ninasisitiza hapa kwa sababu wapo wanaosikia habari ya kukua kiroho wakadhani wamepewa ruhusa ya kuacha ibada. Fundi wa majahazi wa Nungwi huunda chombo bila ya kuwa na mchoro wa karatasi, akiusoma mti kwa macho na kwa mkono, lakini hakuwa fundi kwa kukataa kipimo. Alishika kamba ya mwalimu wake kwa miaka mpaka kipimo kikahamia ndani yake. Kwa mambo uliyoyatia alama, kazi yako ni kuitafuta sababu iliyo bora na kuendelea kuyafanya kwa sababu hiyo. Ukiitafuta kwa muda mrefu usiione, na jambo limo katika safu ya tatu, hapo ndipo unaweza kuliweka kando kwa amani.

Jizoeze mahali ambapo amri haitoshi

Mfano unaowagusa wengi ni wa mfanyakazi wa hoteli ya Paje, Kiwengwa au Nungwi ambaye zamu yake inaangukia Jumapili na siku yake ya mapumziko ni ya katikati ya wiki. Mwenye kutazama sharti peke yake huwa na njia tatu, zote mbaya. Atakaa na hatia mwaka mzima, au atamdanganya msimamizi wake kwamba anaumwa, ili aishike amri moja kwa kuivunja nyingine, au ataona kwamba kwa kuwa Jumapili imemshinda basi na mengine yote yamekwisha. Anayejizoeza kupambanua huanzia maneno ya Yesu katika Marko 2:27, kwamba sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, na hujiuliza mapumziko na ibada vilikusudiwa kumpa nini. Kisha hutenda. Huomba ratiba mapema. Hukubaliana na mwenzake Mwislamu, yeye amshikie zamu Ijumaa wakati wa sala na siku ya Idi, na mwenzake amshikie Jumapili asubuhi, mapatano ambayo huwafundisha wote wawili heshima zaidi ya hotuba yoyote. Ikishindikana, huwatafuta Wakristo wawili watatu wa pale pale kazini wakasoma masomo ya Jumapili hiyo na kusali pamoja baada ya zamu, na siku yake ya mapumziko huitenga kweli kwa Mungu na kwa usingizi badala ya kuijaza vibarua.

Mhudumu anayeuliza kama ni dhambi kupeleka bia mezani asitegemee aya itakayomjibu kwa neno moja. Aipime dhamiri yake kwa Warumi 14:23, azungumze na mchungaji wake, na akiona haimpi amani aombe kuhamishiwa idara nyingine kwa adabu, bila ya kuwahukumu wenzake wanaobaki.

Mwezi wa Ramadhani unastahili maneno zaidi. Mkristo hapa hali hadharani mchana, na wengi wanatii desturi hiyo kwa sababu hawataki shida. Tendo hilo hilo linaweza kutoka mahali pengine kabisa. Warumi 14 inazungumzia dhamiri za waumini wenyewe kwa wenyewe, na si haki kuilazimisha iseme zaidi ya hapo. Lakini 1 Wakorintho 10:32 inapanua uwanja, kwani Paulo anataka wasikoseshwe Wayahudi, wala Wayunani, wala kanisa la Mungu. Mwenye upendo wa namna hiyo haishii kwenye kutokula mbele ya watu. Atafikiri kama ni lazima akaange samaki saa tisa mchana wakati dirisha la jiko lake linatazamana na la mama mwenye swaumu. Atapunguza sauti ya redio majirani wanapokwenda tarawehe. Akiletewa futari ataipokea kwa shukrani, na sahani haitarudi tupu. Hakuna sheha atakayemdai mambo hayo na hakuna mchungaji atakayeyaandika katika taarifa ya mwaka, na kwa sababu hiyo hiyo ni uwanja mzuri wa kujizoeza. Jirani akifiwa, mwendee mapema na ukae, hata kama kuna sehemu za shughuli ile usizoshiriki. Mfiwa atakukumbuka, na hata asipokukumbuka umekaa.

Sala na kujikagua

Kujikagua jioni ni desturi ya zamani katika Kanisa, na huwa mzigo pale inapohusu makosa peke yake. Nashauri maswali mawili, yatumike kwa robo saa kabla ya kulala. La kwanza: leo ni nani alikuwa mbele yangu nami sikumtazama? La pili: ni wapi leo nilitenda jema ambalo zamani lingenigharimu kujilazimisha? Swali la pili huachwa mara nyingi kwa kuogopa majivuno, na nadhani hilo ni kosa, kwa sababu mtu asiyeiona kazi ya Roho ndani yake ataendelea kuamini kwamba kila kitu kinategemea nguvu zake.

Chukua pia tunda moja kati ya yale tisa ya Wagalatia 5:22 na 23, ulibebe kwa mwezi mzima. Ukichagua upole, uombee kila asubuhi kwa kulitaja tukio unalolijua litakuja: foleni ya bandarini, mtoto asiyetaka kwenda skuli, mteja mkali. Jioni uangalie ilikuwaje. Ikiwa uliteleza, yaseme mbele za Mungu kwa ufupi, na ikiwa kuna mtu uliyemuumiza, kesho yake umwendee, kwa kuwa Mathayo 5:23 na 24 inaitanguliza suluhu hata kabla ya sadaka. Kuomba radhi kwa mtu wa chini yako, kwa mtoto wako au kwa mfanyakazi wako, kutakukomaza upesi kuliko mikesha mingi.

Usizitenganishe ibada na huruma. Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, alikuwa mtu wa taratibu kali za ibada, asiyekubali zilegezwe hata kidogo. Mtu huyo huyo, mwaka 1923, aliuambia mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo, yaani kisanduku cha kanisani kinachohifadhi mkate wa Ekaristi, ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara, na kabla ya hapo alikuwa ameipinga hadharani serikali ya Kiingereza kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Mathayo 23:23 ina mafundisho hayo hayo: waliolipa zaka za mnanaa, bizari na jira hawakuambiwa waache kulipa, waliambiwa wasiache adili, rehema na imani. Kwa hiyo kila ibada unayoiongeza katika maisha yako ipe tendo lake. Ukifunga siku ya Kwaresima, thamani ya chakula ulichokiacha iwe na mwenyewe wa kuipokea, naye asijue imetoka kwa nani.

Mwenza wa safari na hatari ya njiani

Tafuta mtu mmoja aliyekutangulia, mzee wa kanisa, msimamizi wako wa ubatizo au mama wa jumuiya, mkutane mara kwa mara na umpe ruhusa ya kukuambia ukweli. Kipimo cha mtu huyo ni kwamba baada ya muda anakuachia maamuzi zaidi. Kiongozi anayetaka aulizwe kuhusu kila safari, kila shilingi na kila mchumba anawabakiza watu utotoni, na Paulo, aliyekuwa na haki ya kuamuru, hakufanya hivyo kwa Filemoni.

Hatari mbili zitakukuta. Moja ni uhuru wa kujipendelea, ambao Wagalatia 5:13 imeshaukemea, na unatambulika kwa urahisi kwa sababu kila uamuzi wake humwangukia mwenyewe kwa faida. Nyingine imejificha zaidi. Mtu aliyegundua kwamba masharti hayatoshi huanza kuwacheka wanaoyashika, akamtazama mama mzee mwenye rozari yake au kijana asiyekosa mkesha kana kwamba hawajafunguliwa macho. Hapo amerudi kwenye sala ya Farisayo wa Luka 18 akiwa amebadilisha mavazi tu. Ukijikuta unamshukuru Mungu kwamba wewe si kama wale wanaofuata sheria, acha kufundisha wengine kwa muda, ukae karibu na watu hao na ujifunze kwao uvumilivu.

Kwa walio Weti, Chake Chake na Mkoani, ambako makanisa ni machache na mtu huweza kuwa Mkristo peke yake kazini au mtaani, mwenza anaweza kupatikana kwa simu, mkapatana saa na sura ya kusoma, na kukutana ana kwa ana pale meli inapomleta mmoja wenu Unguja. Huko huna budi kuwa na subira zaidi katika jambo moja: utapita miezi bila ya mtu wa kukuambia kama unakua, na majirani watakaokuona kila siku si wa imani yako. Waulize wao. Mwulize mwenye duka unayemkopa kama siku hizi unalipa bila ya kufuatwa, na mwulize mke au mume wako kama nyumba ina utulivu kuliko mwaka jana, kisha usijitetee wakati wanajibu.